Tanuri la gesi nililojitengenezea: miezi 8 ya kufua chuma uani

Kabla ya tanuri hili nilikuwa nafulia kwa mkaa na feni ndogo, uani kwetu Dar, na kila Jumamosi majivu yalitua kwenye nguo za majirani. Ugomvi wa majivu ndio ulionihamishia kwenye gesi, si utaalamu.

Ganda ni mtungi mtupu wa gesi ya viyoyozi, ule ambao mafundi wa AC huutupa. Hakikisha fundi ameitoa gesi yote, kisha ujaze maji kabla ya kukata, maana mabaki yake yakiungua hutoa hewa ya sumu.

Nilipokosea ni kwenye hesabu. Kwa ubahili nilitandika tabaka moja tu la pamba ya kauri ya kuzuia joto, la milimita 25. Mtungi una kipenyo cha sentimita 24 hivi, kwa hiyo tumbo likabaki na sentimita 19, urefu 35. Hizo ni karibu lita 10, wakati kichomeo kimoja cha bomba la inchi robo tatu kinamudu lita 5 au 6. Chuma kikagoma kwenye rangi ya damu ya mzee, huku nje rangi ya ganda inababuka. Nilipoongeza tabaka la pili, tumbo likashuka hadi lita 5 na kitu, na joto likaacha kupotea nje. Sasa dakika 10 tu chuma ni cha manjano. Tatizo ambalo nililisingizia kichomeo kwa wiki tatu!

Pamba yenyewe ni nzuri, inahimili nyuzi joto 1260 za Selsiasi, ila vinyuzi vyake ni adui wa mapafu. Vaa barakoa unapoikata, kisha ipake saruji inayohimili moto, yote isionekane.

Kichomeo usikitengeneze kwa bomba la GI, lile lililopakwa zinki. Zinki huanza kuchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe humlaza mtu na homa. Bomba jeusi lipo, litafute. Regyuleta ya jiko la nyumbani nayo haina nguvu. Mwali unarudi ndani ya bomba kwa kishindo. Nunua ya presha kubwa, inayorekebishika.

Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6 sikushauri. Ndani ya nusu saa ulitoka jasho, ukawa baridi kama soda ya barafuni, hapa hapa Dar, na mwali ukafifia: gesi ilikuwa inavutwa haraka kuliko inavyoweza kugeuka mvuke. Wa kilo 15 umetulia, na hunifikisha kama saa 12 za kazi. Kwa gharama, mkaa bado ni nafuu kuliko gesi. Tanuri naliwasha nje tu, mtungi ukiwa mbali, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini.

Kwa patasi na visu vya springi za lori sina lalamiko; joto ni lile lile mwanzo mpaka mwisho, na sumaku ikiacha kunasa najua nimefika karibu nyuzi 770.

Nililolisahau ni tundu la nyuma la kupitishia chuma kirefu. Juzi mama wa nyumba ya pili kaniletea mtarimbo wake uliopinda katikati niunyooshe, haukuingia. Nikarudi kwenye mkaa, na majivu yakatua kwenye shuka zake.