Fundi wa fensi alimwaga konkriti akakaza waya kesho yake, sasa kona zimelala

Nimekaa na hii hasira karibu mwezi mzima. Kila asubuhi nikifungua mlango wa jikoni kitu cha kwanza naona ni posti ya kona imelalia ndani ya ploti, na waya iliyokuwa imekazwa mpaka inalia ukiigonga saa hii imelegea hadi kuku wa jirani wanapita chini. Ploti iko upande wa Kiamunyi hapa Nakuru, ni ile ya kawaida ya 50 kwa 100, posti za simiti kama 30, rola tano za cheni linki, seng'enge juu. Si kazi kubwa. Fundi nilielekezwa na watu wa hadware pale nilinunua posti, wakaniambia huyu ndiye anafungia kila mtu huku.

Wacha niseme ukweli, siku ya kwanza nilimpenda. Alifika saa moja haijagonga na mtu wake wa mkono, wakavuta kamba kona hadi kona, wakachimba futi mbili kila shimo, ya kona na ya geti akaongeza karibu nusu futi bila mimi kumwambia. Udongo wetu ni wa volkeno, mwepesi, ukiushika ni kama jivu, na shimo likichimbwa na mtu mvivu linabomoka kando linakuwa kama sufuria. Yake yalisimama wima kabisa. Siku ya pili wakamwaga konkriti, na jioni ukisimama kwa kona ukafumba jicho moja, posti ya kwanza inaficha zingine zote. Nilimtumia dada yangu picha, nikamwambia nimepata fundi.

Kesho yake natoka nje na chai ya saa nne nakuta ameshatandika rola mbili chini na anavuta waya ya juu na ile mashine yake. Hata masaa 20 hayajaisha tangu amwage! Nikamuuliza kwa upole, fundi, si hizo posti zingengoja kidogo? Akacheka. Akageukia kijana wake wa mkono, akasema kwa sauti, "Madam anatufundisha simiti." Halafu kwangu, "Mama, simiti ikishika imeshika, mimi nafunga fensi tangu ukiwa shule, wewe lete tu chai." Majirani wawili walikuwa wanapita njiani wakasikia, na mmoja akacheka naye.

Hiyo ndiyo imenikaa hapa kooni. Juu mimi nimelelewa na baba wa mjengo. Nikiwa darasa la tano nilikuwa nabeba maji kwa mtungi kumwagilia slabu asubuhi na jioni, siku 7, na ole wako baba apate imekauka. Najua simiti haikauki kama nguo kwa kamba, inashikana na maji pole pole na hiyo ndiyo inaipa nguvu, ndiyo maana unaimwagilia na kuifunika gunia mbichi badala ya kuiacha juani. Kushika ni masaa machache, hapo ni ngumu ya kukanyaga tu. Nguvu yenyewe inakuja baadaye, ukingoja wiki unakuwa na karibu theluthi mbili, na ile kamili wanapima siku ya 28. Na mfuko wa simiti aliotumia ulikuwa wa 32.5 (hiyo namba ni kipimo cha nguvu), hiyo ya kawaida, haikimbii mwanzoni kama 42.5, na usiku wa huku ni baridi, na baridi inachelewesha simiti. Yote hayo nilikuwa nayo kwa mdomo siku hiyo lakini nilinyamaza, nikaenda nikaleta chai. Mpaka leo sijajisamehe hiyo chai.

Kile watu hawaelewi ni kwamba posti za katikati hazibebi kitu kikubwa, zinashikilia waya tu isiyumbe. Mzigo wote uko kwa kona. Waya inavutwa huku na inavutwa kule, kwa hivyo kona inavutwa na pande mbili kuelekea ndani, usiku na mchana, haipumziki. Sapoti, zile posti za mshazari zinazoegemeza kona, aliweka, sikatai, lakini mguu wa sapoti nao uliingia kwa konkriti ya jana ile ile. Ni mgonjwa anaegemea mgonjwa.

Wakipakia vifaa yule kijana wa mkono alikuja kurudisha vikombe akaniambia pole pole, "Anti, hizi kona zingengojewa." Sijui kwa nini hiyo iliniuma kuliko kicheko. Maanake walijua.

Jioni hiyo hiyo niliona ufa mwembamba kuzunguka shingo ya posti, mahali inaingilia chini. Halafu mvua zikaanza, za hapa kwetu za saa tisa, maji yakaingia kwa ule ufa, na wiki mbili hivi baadaye kona ya nyuma ikawa imelala, na ya upande wa barabara inafuata. Mzee mmoja jirani ambaye alikuwa mjengo miaka yake yote alikuja akaishika kwa mikono miwili akaitikisa, ikacheza ndani ya konkriti kama jino la mtoto. Akasema, "Msichana wangu, hii ilitikiswa ikiwa changa, haiwezi kushikana tena, ni kung'oa." Hiyo ndiyo dawa. Kupaka simiti juu ni kuficha tu.

Nilimpigia fundi. Kwanza ilikuwa mvua. Halafu udongo. Na hapo kwa udongo nilitulia kidogo, juu kweli udongo wetu ni mbaya, na nikaona pengine namwonea, mtu amechimba vizuri, amepanga laini safi, posti za katikati hadi leo ziko wima, na najua kungoja wiki kwake ni nauli ya kurudi tena na kazi nyingine ameacha. Hata nilikuwa nimeanza kusema kama unataka mtu wa kuchimba na kusimamisha posti mwite tu, halafu waya utafute mwingine. Lakini fensi ya yule mzee iko kwa udongo huo huo, mvua hiyo hiyo, na haijasonga hata kidogo. Alingoja. Na huyu wangu angeniambia tu, mama niongeze nauli nirudi wiki ijayo, ningempa siku hiyo hiyo bila maneno. Angeegemeza kona na mbao, aende zake, mimi ningemwagilia mwenyewe. Badala yake akachagua kunicheka.

Kwa hivyo hapana. Hata kuchimba usimwite. Laini safi inanisaidia na nini kama kona zimelala?

Jana amenitumia meseji, "madam balansi yangu." Hakuna salamu, hakuna kona zinaendeleaje. Balansi yake iko, sijaila, nimeifunga kwa bahasha. Nimemjibu aje na mtaimbo, ang'oe zile kona mbili na sapoti zake, amwage upya, halafu aende akae wiki nzima bila kuguza waya yangu. Siku ya nane tutavuta pamoja na nitamlipa hapo hapo, na nauli juu. Hajajibu.