MVUM, ramani ya magari ya misitu ya taifa Marekani: haivutii macho, lakini ndiyo sheria

Ukitaka kupita na kwadi (pikipiki ya magurudumu manne), pikipiki au gari la porini kwenye misitu ya taifa ya Marekani, lazima uijue MVUM (Motor Vehicle Use Map), ramani ya njia ambazo magari yanaruhusiwa kupita. Inatolewa bure na Forest Service, idara ya serikali inayosimamia misitu hiyo: ya karatasi unaichukua ofisini kwao, ya simu unaipakua, nayo hukuonyesha ulipo hata pasipo na mtandao. Nimeitumia zote mbili.

Usitarajie urembo. Ni nyeusi na nyeupe, na mwinuko wa milima haumo. Kuisoma peke yake ni kama kusoma majina ya wageni wa harusi bila kuona sura zao. Mimi huiweka sambamba na ramani ya milima.

Utamu wake uko kwenye aina za mistari na jedwali la pembeni. Njia isiyochorwa humo imefungwa kwa magari, hata kama ina alama za matairi na hakuna kibao wala geti. Hapo ndipo wengi wanapokwama na askari wa msitu, maana wanatafuta kibao cha kukataza. Kibao si hoja. Kuijua ramani ni jukumu la dereva. Kuna pia njia za vyombo visivyozidi inchi 50 kwa upana, yaani kama sentimita 127, kwa hiyo pima chako kwanza, hasa hizi kwadi pana za viti viwili. Nyingine hufunguliwa miezi fulani tu: theluji ikiyeyuka udongo hulainika, matairi yanachimba mifereji, na maji yanabeba udongo huo hadi mitoni.

Wapo wanaolalamika kwamba kanuni ya mwaka 2005 iliyoleta ramani hizi imewabana. Mimi naiunga mkono. Zamani misitu mingi ilikuwa wazi kupita popote, na kila aliyekwepa dimbwi alizaa njia mpya.

Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu kufungwa kwa dharura, kwa mfano baada ya moto, hutangazwa kando, kwa hiyo piga simu ofisi ya eneo hilo kabla ya kupakia kwadi. Angalia pia mwaka uliochapwa kwenye ramani yako. Na ukivuka mpaka ukaingia ardhi ya BLM (Bureau of Land Management, idara nyingine ya serikali inayosimamia ardhi ya umma), tafuta ramani yao. Hii haikusaidii tena.