Vitabu vya Kiingereza vya Visasili na Ngano za Ireland: Kipi Kitangulie

Anayetaka kununua kitabu cha Kiingereza cha hadithi za jadi za Ireland hana budi kuamua kwanza anatafuta nini, kwa maana chini ya jina hilo moja huuzwa maandishi ya aina mbili. Kuna visasili na visa vya mashujaa vilivyohifadhiwa kwa Kiairishi katika miswada ya karne ya 12 na ya baadaye. Na kuna ngano zilizochukuliwa vinywani mwa wakulima na wavuvi katika karne ya 19 na ya 20. Kote kuwili ninapima jambo moja: je, kitabu kinaeleza kilikotoa hadithi zake, yaani mswada uliofasiriwa, au msimulizi na mahali alipoishi?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Early Irish Myths and Sagas, tafsiri ya Jeffrey Gantz iliyotolewa na Penguin mwaka 1981. Hadithi zake si ndefu, kila moja ina utangulizi mfupi, na mfasiri hakuzilainisha ili zimpendeze msomaji wa leo. Anayetaka kuonja kabla ya kulipa asome kisa cha mwana pekee wa Aífe, mwanamke mpiganaji: kijana anafika pwani, anakataa kutaja jina lake kwa sababu baba yake ndiye aliyeagiza asilitaje, na baba huyo, Cú Chulainn, shujaa mkuu wa visa hivi, anamuua akijua kwamba ni damu yake. Ni kurasa chache tu, lakini sijaona masimulizi mafupi yenye uzito kama huo.

Ya pili ni Folktales of Ireland ya Sean O'Sullivan, iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1966. O'Sullivan alikuwa mtunza hifadhi wa Tume ya Ngano ya Ireland, iliyoundwa mwaka 1935 na kutuma wakusanyaji vijijini wakati wazee waliozijua hadithi hizo kwa Kiairishi walipokuwa wakipungua. Ngano zake zina maelezo ya zilikokusanywa, na sauti ya mtambaji bado inasikika ndani ya tafsiri. Sisi tuliolelewa kwa “paukwa, pakawa” tutatambua mara moja kwamba maneno haya yalitamkwa mbele ya watu kabla ya kuandikwa.

Nafasi ya tatu ni ya The Táin ya Thomas Kinsella, ya mwaka 1969, yenye michoro ya wino ya Louis le Brocquy. Hiki ni kisa kimoja kirefu: Malkia Medb wa Connacht, ufalme wa magharibi, anaivamia Ulster, ufalme wa kaskazini, ili ateke fahali, na Cú Chulainn anapigana peke yake kwa kuwa wanaume wenzake wameshikwa na uchungu kama wa mwanamke anayejifungua. Ipo pia tafsiri nzuri ya Ciaran Carson ya mwaka 2007, ila Carson anaanza na uvamizi wenyewe, ilhali Kinsella anatanguliza visa vinavyoeleza chanzo cha uchungu huo na cha uhasama mwingine. Kwa msomaji mgeni, tofauti hiyo inatosha kumfanya achague cha Kinsella.

Irish Folktales ya Henry Glassie, ya mwaka 1985, inafuata kwa karibu. Ina ngano 125 na inafaa kwa anayependa kusoma kidogo kidogo.

Vitabu viwili vya Lady Gregory, Cuchulain of Muirthemne (1902) na Gods and Fighting Men (1904), vinapendwa sana, na Kiingereza chake chenye lafudhi ya watu wa Kiltartan, eneo alikoishi magharibi mwa Ireland, kina utamu wa pekee. Hata hivyo naviweka hapa chini, kwa sababu aliunganisha matini mbalimbali na, kama anavyokiri mwenyewe katika maneno ya kuwatabarukia majirani zake, aliacha mengi aliyodhani hawatayajali. Isitoshe, vinapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo visomeni huko kabla ya kutoa fedha.

Kwa watoto, Celtic Fairy Tales ya Joseph Jacobs (1892) inafaa, mradi mnunuzi ajue kwamba imechanganya ngano za Ireland na za Uskoti na Wales, na kwamba Jacobs alizirekebisha kwa ajili ya wasomaji wadogo.

Angalieni sana matoleo mapya ya vitabu hivi vya zamani, ambavyo hakimiliki yake imekwisha na yeyote anaweza kuvichapa. Mengi yana jalada la kuvutia huku ndani maelezo na michoro imeondolewa, na mengine hayataji hata mwaka wa chapa ya kwanza. Mnapotafuta, jaribuni tahajia zaidi ya moja, Cuchulain na Cú Chulainn, Finn na Fionn (jina la shujaa mwingine), kwani duka linaweza kuwa na kitabu mnachokitaka kikiwa kimeorodheshwa kwa tahajia nyingine.