Chipu ya loti au kodi ya QR, ipi inafaa kwa vimashine vya maabara?

Jamani tunaotumia hivi vimashine vidogo vya kusoma kaseti za CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) na HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu), kila loti ya kaseti, yaani kundi lililotengenezwa pamoja, ina kalibresheni yake (vipimo vya kurekebisha usomaji) na mashine lazima iijue, ndo igeuze mwanga inaousoma kuwa namba. Chipu inakuja moja kwa kila boksi, unaichomeka na inakaa humo, sasa boksi jipya likifunguliwa usiku zamu imechoka chipu ya zamani bado imo, ilishanitokea, loti kwenye kaseti siyo ile ya kwenye skrini, nikarudia sampuli sita na wagonjwa wanasubiri kwenye benchi, iliniuma sana.

QR kila kaseti imebeba kodi yake, kamera inaisoma ikiingia tu, loti hazichanganyiki. Tatizo ni damu ikidondokea kile kimraba au lenzi ikishika vumbi, japo QR yenye ngazi ya juu kabisa ya kujirekebisha inasomeka hata ikiharibika karibu asilimia 30. Chipu haisumbuliwi na vumbi la lenzi.

Mimi QR, lenzi nafuta kila asubuhi. Ila kontroli (sampuli ambayo jibu lake linajulikana) pimeni vilevile, kodi haiwezi kukwambia kaseti iliachwa juani.