Signal kwenye kikoba chetu: namba ya simu haianikwi tena

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama, na kilichotuhamishia Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ni namba za simu. Kwenye programu ya awali, ukishaingizwa kundini namba yako inakuwa ya wote. Wenzetu walipigiwa usiku na watu wasiowajua, wengine wakaletewa zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Na huku kwetu namba ndiyo pochi. Mtu akiishika, akijifanya anakutumia pesa, jina ulilosajilia laini linamtokea kabla hajathibitisha.

Tangu 2024 Signal wamelifanyia kazi hili. Asiye na namba yako kwenye simu yake haioni. Kundini anaona jina na picha ulizoweka mwenyewe, basi. Ukitaka mtu akupate bila namba, unatengeneza jina la mtumiaji linaloishia na tarakimu zisizopungua mbili, unampa, na kesho unaweza kulibadilisha au kulifuta. Jina hilo halitokei kundini, ni la kufikiwa tu. Nimelipenda sana hili: pa kukupata ni kitu kimoja, unavyoitwa na wenzako ni kingine. Mwanachama mpya tunampa kiungo, kiongozi anamkubali, na hakuna aliyemdai namba.

Ila ingia kwenye mipangilio ya faragha. Usipogusa kitu, mwenye namba yako bado anaweza kukutafuta kwayo. Funga na hapo.

Shida ya majina ipo. Akina Mama Neema tunao zaidi ya mmoja, na mweka hazina hawezi kubahatisha nani kaleta hisa. Signal hutoa onyo majina yakifanana, lakini sisi tumekubaliana kila mtu aongeze mtaa wake: Mama Neema Sinza, Mama Neema Mabibo. Unaweza pia kumpa mtu jina lako la kumtambua, ukaliona wewe peke yako.

Kujisajili bado kunadai namba. Asiyetaka hata Signal wenyewe waijue, hapa hajapata dawa.

Na inataka simu janja. Wanachama wenye viswaswadu tunawatumia taarifa kwa SMS, na namba zao zimo kwenye daftari langu tu.