Vifaa vya kwenda na mbwa msituni Hoosier: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo tuko hapa gereji, na vitu vyote mnavyoviona mezani vimerudi jana jioni kutoka msituni. Sijavifua wala kuvipiga brashi, nataka mvione vilivyo. Hili ni tope, haya ni manyoya ya mbwa wangu Simba, na hapa kwenye huu mkanda kuna mkwaruzo mrefu ambao nitawaeleza ulikotoka.

Swali mnaloniuliza kila wiki ni lilelile. Mtu anakaa Indianapolis, au Louisville, au Cincinnati, ana mbwa nyumbani, anataka kumtoa kwa matembezi ya saa mbili tatu au kulala naye hemani usiku mmoja. Anunue nini kwanza? Jibu langu ni mkanda wa kifua wenye kishikio mgongoni. Kama mfukoni una pesa ya kitu kimoja tu, iwe hicho. Vingine vyote tutavizungumza, lakini nimeanza na hicho kwa sababu kimeniokolea mbwa.

Kwa wageni wa chaneli hii: mimi huenda Hoosier National Forest, kusini mwa Indiana. Kutoka Indianapolis ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Unashika barabara ya 446, unavuka Lake Monroe, halafu unakunja kuingia Tower Ridge Road, hadi kwenye ule mnara wa chuma wa kuangalizia moto uliojengwa mwaka 1936. Hapo ndipo lilipo pori la Charles C. Deam, lililotengwa kisheria mwaka 1982, magari hayaingii ndani. Zamani kote huko kulikuwa mashamba. Udongo ukachoka, watu wakahama, na serikali ikaanza kununua ardhi mwaka 1935, miti ikarudi. Ndiyo maana juu ya migongo ya vilima unakuta njia pana, karibu tambarare: zilikuwa barabara za wakulima wale. Mbwa anatembea humo kwa raha kabisa. Shughuli inaanza mnapoteremka bondeni, kwenye vijito.

Sasa huu mkwaruzo. Tulikuwa Hemlock Cliffs, kusini zaidi, ndani ya msitu huohuo. Ni mzunguko mfupi, kama kilomita mbili tu, na kwa uzuri sijaona mfano wake Indiana: miamba ya mchanga, maporomoko, baridi ya bondeni hata siku za joto. Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha siku mbili. Simba ana kilo 32, chotara wa German Shepherd, na anajiamini kupita kiasi. Pale maji yanapotiririka juu ya jiwe akaweka miguu ya mbele vizuri, ya nyuma ikateleza, nusu ya mwili ikaning'inia ukingoni. Kimo cha ukingo ule ni kama changu, lakini chini ni mawe matupu. Nikashika kishikio kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeukumbatiza kwenye mti, nikamvuta. Mkanda ukasuguana na mwamba, ndiyo alama hii. Mbwa hakukohoa hata mara moja, maana uzito wote ulibebwa na kifua na tumbo. Ningekuwa nimemfunga shingoni tu, ama ningemnyonga kwa mkono wangu mwenyewe ama ukanda ungemchomoka kichwani.

Ngoja nisogeze karibu na kamera muone mshono. Mnaona hapa kishikio kinapoungana na mgongo? Uzi umepita pande nne kama sanduku, halafu ukakatisha katikati kama herufi X. Huo ndio mshono wa kutafuta. Ukikuta umeshonwa mstari mmoja tu, rudisha dukani. Geuza tumboni: hapa kuna mikanda miwili, mmoja nyuma ya miguu ya mbele, mwingine nyuma zaidi, mbavu zinapoishia. Huu wa nyuma ndio unaomzuia mbwa asirudi kinyumenyume akatoka, na Tatu, huyu mbwa wangu wa pili, beagle wa kilo 11, alikuwa fundi wa kutoka. Kifuani mkanda ushuke katikati kama herufi Y. Ile inayokata bega kwa bega inamfupishia hatua, na baada ya kilomita tano utaona anachechemea.

Kupima ni rahisi. Chukua kamba, zungusha sehemu pana ya kifua, halafu ipime kwa rula. Ukishamvalisha, vidole vyako viwili vipite chini ya kila mkanda, visizidi, visipungue. Na ukirudi nyumbani mpapase makwapani. Tatu aliwahi kutoka wekundu huko kwa sababu mkanda ulilowa nikamwacha nao usiku kucha. Lilikuwa kosa langu, na tangu siku hiyo kila tukifika kambini mkanda unavuliwa kwanza, hata kabla ya hema.

Nilikuwa na mwingine kabla ya huu, wa bei ya chini. Bizimu lake la plastiki, yaani kifungio, lilipasuka Januari, kwenye baridi, Simba alipovuta kumfuata paa. Kwa hiyo siku hizi naangalia bizimu kama ninavyoangalia mshono. Huu una la chuma pale kamba inapofungwa. Nililipa dola 70 na sijuti.

Haya, mkoba wa mbwa. Watu wa pwani wenzangu, mnalijua shogi la punda? Basi ni hilohilo, mifuko miwili, mmoja kila ubavu. Unapendeza kweli, na nimeutumia safari sita. Kwa matembezi mafupi, uache dukani. Kwanza njia za kushuka bondeni ni nyembamba, na mbwa hajui kwamba amenenepa: anagonga kila mti, anasukuma magoti yako kwenye mteremko. Pili, joto. Julai ya Indiana ina unyevu mzito, na mbwa hutoa joto kwa kuhema. Ukimfunika mbavu umemwongezea mzigo mara mbili. Sababu ya tatu, mizani. Ukipakia upande mmoja chupa ya maji na upande mwingine chakula, akishakula mkoba unapinda. Kama ni lazima ubebe, mbwa awe mtu mzima, mifupa imekomaa, na mimi sizidishi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa Simba ni kilo tatu. Kilo tatu nazibeba mwenyewe.

Kamba. Nina mbili. Hii fupi ya futi sita ni ya kanuni: kwenye maeneo yaliyojengwa ya msitu wa taifa, yaani kambi rasmi, sehemu za mapumziko, kamba isizidi futi sita. Heshimuni hilo, na hasa Deam ambako kuna watu wa farasi njiani. Farasi akimshtukia mbwa, anayeumia ni aliyempanda. Mnapokutana nao, toka njiani upande wa bonde, mkalishe mbwa, wasalimu kwa sauti ili farasi ajue wewe ni binadamu. Hii ndefu ya futi 30 ni ya jioni, mkishapiga kambi ya porini. Nunua iliyopakwa plastiki laini, kama hii ya rangi ya chungwa. Ya nailoni ya kawaida inanyonya maji, inashika miiba, na ikikupita mkononi kwa kasi inakuunguza.

Na rangi ya chungwa si urembo. Novemba ni msimu wa bunduki kwa wawindaji wa paa, na uwindaji unaruhusiwa ndani ya msitu huu. Mbwa wa kahawia vichakani anafanana na paa. Fulana ya chungwa inayong'aa, dola 15, kwake na kwako. Hapo sina mjadala.

Viatu vya mbwa: hapana. Havidumu miguuni, na udongo wa huku ni laini.

Sasa hiki kidogo hapa, kibano chenye ncha nyembamba, dola nane. Hiki ndicho cha pili kwa umuhimu. Bibi yangu Muheza alifuga ng'ombe wa maziwa, na waliokulia kwenye mifugo wanajua kupe ni nini: siku ya josho hakuna anayeisahau, na ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ikiingia zizini ni msiba. Kupe wa Indiana ni wa aina nyingine na magonjwa yao mengine, ukiwemo ugonjwa wa Lyme, unaompata mbwa na unaokupata wewe pia. Jana peke yake nimetoa tisa kwa Tatu, maana yeye hutembea pua chini kwenye majani. Namkagua hivi: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, makwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Polepole, kwa ncha za vidole, kama unatafuta kokoto kwenye mchele. Ukimpata kupe, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima, bila kuzungusha. Usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta. Kukagua jioni hiyohiyo kuna maana kubwa, kwa sababu vijidudu vya Lyme kwa kawaida huhitaji kupe awe ameng'ang'ania zaidi ya siku nzima ndipo vipite. Dawa ya kinga mwulize daktari wako wa mifugo, kila mbwa na yake.

Wale ambao kwenu mbwa haingii ndani na mnamfuga uani kwa ulinzi, hili la kupe bado ni lenu. Kagueni, glavu mikononi.

Kuna na mmea mmoja, majani matatu matatu, unapanda miti au unatambaa chini. Wenyeji huuita poison ivy. Mbwa akiugusa mara nyingi hapati kitu kwa sababu ya manyoya, lakini mafuta yake yanabaki juu ya manyoya hayo, wewe unamkumbatia, kesho mikono yote malengelenge. Taulo na shampuu zikae kwenye gari.

Maji: bakuli la kukunja, lolote, dola tano linatosha. Cha muhimu ni maji yenyewe kutoka nyumbani. Lake Monroe ni bwawa, na katika miezi ya joto mwani wa bluu-kijani unaweza kutanda ufukweni kama rangi iliyomwagika. Sumu yake inaua mbwa, tena haraka. Ukiona utando huo, asinywe, asiogelee, asilambe manyoya kama ameshalowa.

Mwisho, kulala. Godoro la kujaza upepo, Simba alilitoboa kwa kucha usiku wa kwanza, nikaamka nimelala juu ya mizizi. Hili la povu la kukunja, dola 20, hata akilikwaruza halipungui kitu. Nalikata vipande viwili, kila mbwa na chake, kwa sababu ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili kuliko hewa. Blanketi peke yake juu ya udongo wa Oktoba haisaidii. Chakula chao pia nakitundika mtini mbali na hema pamoja na changu. Rakuni wa huku, wanyama wadogo wa usiku, wanafungua mifuko kama wana funguo.

Vipimo vya kifua vya hawa wawili nimeviandika hapo chini ya video, pamoja na saizi waliyovaa, mlinganishe na wenu kabla ya kuagiza. Aa, mmeona? Nimebofya bizimu tu, Simba ameshasimama mlangoni. Simba, tulia baba, leo tunapumzika.