Chanjo ya mbwa dhidi ya homa ya mgunda: soma kibandiko kabla ya kulipa

Kwa miaka mitatu sasa mbwa wangu wawili, hapa Morogoro, wamekuwa wakichanjwa kila mwaka kwa chanjo ya mchanganyiko ambayo, licha ya kuzuia distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi ya mbwa, huwakinga dhidi ya leptospira, bakteria wanaosababisha homa ya mgunda. Ninaipima hapa sehemu ya leptospira peke yake, kwa kuwa ndiyo ambayo wauzaji huieleza kidogo kuliko zote.

Jina la homa ya mgunda lilienea nchini Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ndiyo iliyowapata watu 20 mkoani Lindi na kuua watatu miongoni mwao. Kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huo haukuwa ugonjwa mgeni. Mwaka 2006 Georgies Mgode, Robert Machang'u na wenzao walichapisha maelezo ya aina mpya ya leptospira waliyoipata kwa ng'ombe wa Tanzania, wakaipa jina la Sokoine.

Utafiti wa namna hiyo ndio ulionifundisha kuikagua chanjo. Ndani yake mna bakteria waliouawa, na kinga wanayoijenga haivuki kwa urahisi kutoka kundi moja la leptospira hadi jingine. Chanjo za zamani zina makundi mawili tu, Canicola na Icterohaemorrhagiae. Zile za makundi manne huongeza Grippotyphosa na Australis zikiwa za soko la Ulaya, au Grippotyphosa na Pomona zikiwa za Marekani. Sasa zilinganishe na aina zinazopimwa katika maabara zetu: Sokoine imo katika kundi la Icterohaemorrhagiae, kwa hiyo chanjo zote hizo zinaikaribia, Lora imo katika Australis, hivyo mwenye chanjo ya makundi mawili hana cha kutegemea, na ile inayoitwa Kenya imo katika kundi la Ballum, ambalo halimo katika chanjo hata moja kati ya nilizozitaja. Haya yote hayako kwenye bango la dukani, wala muuzaji hakuwahi kuniambia.

Aliyeniambia ni daktari wa mifugo anayewachanja mbwa wangu, na huduma yake naisifu bila kusita. Huja na boksi la barafu lenye kipimajoto ndani, kwa sababu dawa hii inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hunionyesha vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu mweupe ulioganda chini, ambao ndio kinga ya virusi, na kingine kina kimiminika, ambacho ndicho leptospira yenyewe. Huvuta kimiminika kwa sindano, hukiingiza kwenye unga, hutikisa taratibu mpaka unga uyeyuke wote, kisha humchoma mbwa chini ya ngozi ya shingo. Vibandiko vya vichupa vyote viwili hubandikwa kwenye kadi ya mbwa. Nilipomuuliza kama sasa tumemaliza, alinijibu, "Bado, mama. Panya wa zizini wewe ndiye utakayewamaliza."

Alikuwa sahihi, maana leptospira hukaa kwenye figo za panya na kutoka na mkojo, na kwenye maji yaliyotuama au udongo wenye unyevu huweza kuishi kwa wiki kadhaa. Mimi hukamua ng'ombe alfajiri, miguu ikiwa kwenye tope hilo hilo. Tangu siku ile sikanyagi zizini bila mabuti, na pumba huiweka kwenye pipa lenye mfuniko.

Mwaka wa kwanza nilinunua dozi katika duka moja la dawa za mifugo ambako vichupa vilipangwa juu ya kaunta, mchana, nje ya friji. Niliilipia, daktari akakataa kuitumia, na fedha sikurudishiwa. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu mfugaji asiye na daktari kama huyu angeichoma na kuamini kwamba mbwa wake amekingwa.

Kwa mfugaji wa ukanda huu ningeshauri chanjo ya makundi manne yenye Australis, hata kama bei yake ni kubwa zaidi. Mbwa anayeanza huhitaji dozi mbili zinazopishana kwa wiki mbili hadi nne, kisha moja kila mwaka. Wangu wanachanjwa tena mwezi ujao, na kibandiko nitakisoma kabla sindano haijafunguliwa.